Asali Katika Vikombe Vitatu

Mashine ninayoiendesha haijawahi kuonja asali. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia nafanya kazi kwenye maabara ya vyakula hudhani nashinda nikilamba vijiko. Silambi kitu. Nachukua tone la asali, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, naliunguza mpaka linageuka gesi, kisha gesi hiyo naitia kwenye mashine kubwa kama kabati la nguo. Ndani yake kuna bomba lililopinda, na pale kwenye kona sumaku nzito imelikumbatia bomba hilo kama mama aliyembeba mtoto. Baada ya hapo nakaa kwenye stuli nasubiri namba. Ni kazi ya kuchosha, na naipenda kupita kiasi. Mapenzi hayo ndiyo yaliyoniponza.

Katika ukoo wetu mzima, Kaka ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mashine hiyo inafanyaje kazi. Mama haulizi, kwake inatosha kwamba navaa koti jeupe na majirani wananiona nikilianika. Wifi yangu, mke wa Kaka, aliwahi kuuliza kama mashine ina mionzi itakayonizuia kuolewa, nikamwambia haina, wanaume wananikimbia kwa sababu nyingine. Lakini Kaka aliuliza kwa kutulia, viwiko mezani, macho usoni pangu. Kwa swali lililoulizwa namna hiyo mimi nafungua moyo wote.

Lazima niseme Kaka ni nani kwangu. Baba alipofariki, mimi nilikuwa bado nahesabu kwa vidole, na Kaka ndiyo kwanza alikuwa ameanza sekondari. Aliacha. Aliuza vitabu vyake kwa mtoto wa jirani, akaenda kuhangaika na mizinga ya nyuki iliyokuwa imeachwa na Baba nyuma ya nyumba. Aliumwa mpaka uso ukawa kama andazi, na kila muhula nilikuwa na sare na kalamu. Hakuwahi kunisimanga. Nilipohitimu chuo alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi baada ya kila mtu kuacha. Kwa hiyo hata alipokuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki, na asali yake ikawa inauzwa kwenye maduka makubwa yenye sakafu za kung'aa, niliona dunia imemlipa haki yake.

Siku aliyoniuliza ilikuwa Jumapili, tulikuwa tumemaliza kula mchana kwa Mama. Wifi alikuwa jikoni anasuuza vyombo. Kaka akasogeza sahani yake pembeni.

"Hebu nieleze, mdogo wangu," akasema. "Hicho chuma chako kinamjuaje mwizi?"

Wezi aliowakusudia ni wale wanaochanganya asali na sukari. Ndiyo kazi yangu kuwakamata. Mnunuzi mkubwa wa kikundi chao alikuwa amekataa kupokea chupa yoyote isiyo na muhuri wa maabara yetu, na kila mfugaji alikuwa analeta sampuli zake mlangoni petu.

Nikakusanya vikombe vitatu vya chai, nikavipanga kwenye ukingo wa meza. Nikamwambia kwamba asali ni kaboni kwa sehemu kubwa, na kaboni zipo nyepesi na zipo nzito kidogo, ndugu wa tumbo moja wenye miili tofauti. Miwa na mahindi, yakivuta hewa, huchukua ile nzito kwa wingi kuliko maua ya porini na miti. Kwa hiyo sukari ya miwa ina uzito wake na asali ina uzito wake, hata kama ulimi unadanganyika. Kazi ya mashine ni kutenganisha wepesi na wazito.

"Inatenganishaje?" akauliza.

Hapo ndipo nilipopanda mori. Nikamwambia kwamba kwanza tunaipokonya kila chembe ya gesi elektroni moja, hivyo inabaki na chaji. Chembe isiyo na chaji haina habari na sisi. Umeme hauisukumi, na sumaku haiioni hata ipite mbele yake. Yenye chaji inashikika. Umeme unaikaba kwa nyuma na kuirusha, inaingia kwenye bomba kwa kasi ambayo gari lolote lingeionea aibu. Kisha inafika kwenye kona, na pale sumaku inaipiga kikumbo ubavuni.

"Inaivuta," Kaka akasema.

"Haivuti. Watu wote hukosea hapo." Nakumbuka nilisimama kabisa, nikawa naonyesha kwa mikono. Sumaku ya kwenye mlango wa friji huvuta chuma, lakini hii inafanya jambo jingine. Inaisukuma chembe kwa upande, kila hatua kwa upande, mpaka njia yake inapinda. Haiiongezei mwendo wala haiipunguzii. Kukimbiza ni kazi ya umeme, sumaku inageuza tu. Na chembe ikiwa imesimama, hata iwe na chaji namna gani, sumaku haiigusi. Inagusa kinachokwenda.

Nikamwambia afikirie baiskeli na lori lililojaa mchanga vinaingia kona moja. Baiskeli inakata kona kwa urahisi, lori linapanua, linakwenda mbali kabla halijageuka. Chembe nyepesi ni baiskeli, nzito ni lori. Mwisho wa kona kuna vikombe vitatu vya chuma vimepangwa, kimoja cha nyepesi, kimoja cha nzito, na cha tatu cha zile chache zilizo nzito zaidi, na kila chembe inaangukia kikombe chake kulingana na uzito wake. Sisi tunahesabu tu kilichoingia katika kila kikombe.

Kaka akavitazama vile vikombe vya Mama. Akachukua punje za sukari kwenye bakuli, akatia chache kwenye kikombe cha pembeni, kama anayejaribu. Kisha akauliza swali lake, na swali hilo nilitembea nalo wiki nzima nikilifurahia, nikimsimulia kila mtu kazini kwamba kaka yangu aliyeishia sekondari ameuliza swali la profesa.

"Na kitu kitamu chenye uzito uleule wa asali je? Kitaangukia wapi?"

Nikacheka kwa raha. Nikamwambia hapo ndipo mashine inapokwama. Wanga wa mihogo, kwa mfano, au wa mpunga: mimea hiyo huvuta hewa kwa namna ileile ya maua. Mtu akitengeneza shira ya mihogo akaimimina kwenye asali, chembe zake zitapinda vilevile, zitaangukia vikombe vilevile.

"Kwa hiyo anapita."

"Anapita kama mwenye nyumba," nikasema.

Wifi akatoka jikoni akauliza kwa nini vikombe vya chai vinachezewa. Tukacheka wote, na Kaka akavirudisha kabatini mwenyewe.

Miezi ikapita. Ulikuwa mwaka wa ukame, maua yalichelewa, na wafugaji wengi walileta sampuli chache. Katika msimu huohuo ndipo nilipoikataa asali ya Mama Moshi.

Tulimwita Mama Moshi kwa sababu ya harufu. Alikuwa mjane wa makamo aliyefuga nyuki peke yake, na moshi wa kile kibuyu chake cha kufukizia nyuki ulikuwa umemganda mwilini. Akiingia mapokezi, mlinzi alijua ni nani kabla hajageuza kichwa. Asali yake ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote kwenye kikundi kile. Hata mimi nisiyelamba nilikuwa nanunua. Mwaka huo namba zake zikatoka nzito, nzito kabisa, lori kwenye kona. Nikarudia, zikatoka zilezile.

Alipopata barua akaja mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya dirisha la kioo linalotenganisha korido na chumba cha mashine, akaniambia kwamba ni kweli aliwawekea nyuki maji ya sukari wakati wa njaa. Wafugaji wote hufanya hivyo kiangazi kikizidi. Nikamwambia najua, lakini sukari huondolewa kabla nyuki hawajaanza kujaza masega ya kuvuna, la sivyo wanaiweka humo humo.

"Mwenyekiti aliniambia niiache humo mizingani," akasema. "Alisema haina neno, nyuki wanajua wenyewe cha kufanya nayo."

Mwenyekiti ni Kaka. Nikaona anatafuta pa kuangushia mzigo. Nilikasirika, na hasira yangu ni ya haraka, haina breki. Nikamwambia aache kuwasingizia watu, mashine yangu haina ndugu wala rafiki. Akanitazama. Akasema sawa, dada, akaondoka na chupa yake mkononi.

Kikundi kikamwondoa. Mnunuzi hakutaka hata kusikia jina lake. Nafasi yake ya kupeleka asali madukani akaichukua Kaka, maana yeye peke yake alikuwa na asali ya kutosha katika ukame ule, na sikujiuliza aliipata wapi. Nilimwonea fahari. Nilidhani nyuki wake wanamjua, wanamfanyia upendeleo.

Kilichonifumbua macho ni ule upendeleo wenyewe. Sampuli zinakuja kwetu na namba tu, majina hufunguliwa baadaye na Mkuu wa maabara. Mwisho wa msimu aliniomba nichore mchoro wa kikundi kile, asali ya kila mfugaji ilivyokuwa kabla ya mvua na baada ya mvua. Nikaanza kazi hiyo asubuhi huku nakunywa chai.

Asali ya kweli haikai mahali pamoja. Mwezi huu nyuki wamekula ua hili, mwezi ujao ua lile, mvua imenyesha au haijanyesha, na yote hayo yanaonekana kwenye vikombe vyangu kama kutikisika kidogo, huku na huku. Kila mfugaji kwenye mchoro ule alikuwa na mstari wa mlevi anayerudi nyumbani. Mmoja tu alikuwa amenyooka. Kabla ya mvua, katikati ya mvua, baada ya mvua, namba moja. Sikuhitaji kuangalia jina, lakini niliangalia.

Kwanza niliilaumu mashine. Nilimwita fundi wetu wa mitambo, ambaye sote tunamwita Fyuzi kwa sababu ndilo jibu lake la kwanza kwa kila tatizo. Nikamwambia kuna kitu hakiko sawa kwenye sumaku.

"Fyuzi," akasema, na nilipomkazia macho akavua koti akaanza kazi.

Tukapima mkondo unaolisha sumaku, haukuwa umeyumba. Tukapima volti zinazorusha chembe, zilikuwa pale pale. Tukaingiza gesi ya kulinganishia, ile ambayo uzito wake unajulikana dunia nzima, ikaangukia vikombe vyake bila kukosea hata kidogo. Fyuzi akajifuta mikono. Akaniambia mashine ni nzima kuliko yeye, na kama namba zimenyooka, basi kilichonyooka ni kile nilichoingiza. Akauliza ni kitu gani, asali au bidhaa ya kiwandani?

Alikuwa anatania. Nilisikia sauti ya Kaka ikiuliza, kwa upole uleule, kitaangukia wapi. Nilisikia na mimi nikicheka kwa raha.

Sikumwambia Fyuzi chochote. Nikavua koti, nikamuaga Mkuu nikisema naumwa tumbo. Njia nzima nilikuwa najipa moyo. Labda ana shamba kubwa la maua ya aina moja. Labda anachanganya asali ya misimu yote kwenye pipa moja. Nilimtafutia visingizio kwa bidii ambayo sikumfanyia Mama Moshi hata kidogo.

Kaka hakuwepo nilipofika. Wifi alikuwa uani anaosha ndoo, akafurahi kuniona, akaniambia nimekonda, hiyo mionzi yangu imeanza. Nikamuuliza Kaka yuko wapi. Akasema amekwenda kupeleka chupa, atarudi sasa hivi, nipumzike ghalani kwenye kivuli maana ndani kuna joto.

Ghala lile nililijua tangu utotoni. Zamani lilikuwa na harufu ya nta na moshi na mbao. Sasa kulikuwa na mapipa ya buluu yamepangwa ukutani, na harufu ya kitu kitamu kisicho na jina, utamu mtupu usio na ua ndani yake. Nikafungua kifuniko kimoja. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, kizito. Pembeni kulikuwa na pipa jeusi la asali, na katikati yao mwiko mrefu wa mbao, umelowa nusu.

"Wifi," nikaita, "haya mapipa ya buluu ni nini?"

"Shira ya mihogo," akajibu kutoka uani, bila hata kunyanyua kichwa. "Ya kaka yako. Si wewe ndiye uliyemshauri?"

Nikakaa juu ya mzinga mtupu. Wifi hakuwa na hila yoyote. Alikuwa ameambiwa kwamba mdogo mtu, yule wa maabara, amesema hii haina tatizo, na akaamini, kama mimi ningeamini. Jina langu lilikuwa linatumika kwenye ghala lile kama muhuri.

Kaka alirudi, akanikuta pale. Alitazama kifuniko kilichofunguliwa, akatazama uso wangu, akavuta kigoda akakaa mbele yangu. Hakuhangaika kukana. Nadhani ningemshukuru kama angekana. Alinieleza kwa utaratibu, kama alivyozoea kunieleza mambo nilipokuwa mdogo: ukame ulikuja, maua hayakutoka, mnunuzi hangojei mvua, na kikundi kizima kilikuwa kinamtazama yeye. Shira haimuui mtu. Watu wanakula mihogo kila siku.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," akasema.

"Nilikufundisha kwa sababu uliuliza."

"Na mimi niliuliza kwa sababu nilihitaji." Akainua mabega. "Ulifikiri naulizia nini, mdogo wangu? Mtihani?"

Naam, ndicho nilichofikiri. Nilifikiri ni yule mvulana aliyeuza vitabu vyake, bado ana kiu ile, na hatimaye mimi nina maji ya kumpa. Nilimwambia hivyo. Yeye akatazama chini, na kwa muda mfupi nikadhani amenielewa.

"Na Mama Moshi?" nikauliza.

Akageuza uso kuelekea mapipa.

"Alisema wewe ndiye uliyemwambia aiache sukari mizingani. Nikamwita mwongo."

"Sikumlazimisha."

"Ulijua sukari ya miwa inaonekana. Nilikuambia mwenyewe, juu ya meza ya Mama. Ulijua nitamkamata."

Kaka akasugua uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba nyuki wa Mama Moshi walikuwa wanafanya vizuri kuliko wake, hata kwenye ukame, na mnunuzi alikuwa ameanza kumuulizia yeye badala ya mwenyekiti.

Shira ningeweza kuimeza. Ningelia, ningegombana naye, na mwisho ningetafuta njia ya kumsitiri, kwa sababu ni kaka yangu na tumbo lililotuzaa ni moja. Lakini alinichukua mimi, mkono wangu, saini yangu, ile hasira yangu isiyo na breki ambayo anaijua tangu nikiwa na meno ya utoto, akanirusha kwa yule mjane. Alinipa mwendo na akaniwekea kona. Mimi nikapinda pale alipotaka, nikidhani naenda moja kwa moja.

Nikamwambia nitasema. Alinyanyuka, akakifunga kile kifuniko vizuri, akakigonga pembeni kwa ngumi ili kikae.

"Vipimo vyako vinasema asali yangu ni safi," akasema. "Utasema nini? Kwamba mashine yako ni kipofu?"

"Nitasema nilichokiona kwa macho."

"Basi ukisema, usije kwa Mama siku nikiwepo mimi." Akaondoka kuelekea uani, na nikamsikia akimuuliza wifi kama chakula kipo tayari.

Nilirudi kazini siku ileile, kabla ofisi hazijafungwa. Niliogopa kwamba nikilala nitaamka dada yake. Nikamwambia Mkuu kwamba vipimo vya mwenyekiti vilikuwa sahihi na asali yake ilikuwa ya uongo, kwamba mwenyekiti ni kaka yangu, na kwamba mimi ndiye niliyemweleza mahali pa kupita. Mkuu alivua miwani. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri, maana kwenye karatasi hakuna kosa lolote na hakuna aliyelalamika. Nikasema nimefikiri. Wakaguzi wakaenda kesho yake asubuhi, wakayakuta mapipa. Kaka hakuwa ameyahamisha. Mpaka leo sijui kama ni kiburi, au kama hakuamini kwamba ningeweza.

Kikundi kilimwondoa, kikapoteza muhuri kwa msimu mzima, na wafugaji ambao hawakufanya kosa lolote walinitazama njiani kama niliyewachomea nyumba. Mama Moshi wakamwita arudi. Mimi niliondolewa kwenye sampuli za kikundi hicho kwa muda, jambo ambalo lilikuwa haki, kisha nikarudishwa.

Mama hakunigombeza. Nilikwenda kwake siku ya katikati ya wiki, nikamkuta anachambua mchele. Nikakaa karibu naye nikaanza kuchambua pia. Nikamweleza yote tangu mwanzo, shira na sukari na yule mjane. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha vidole.

"Aliacha shule kwa ajili yako," akasema.

"Najua, Mama."

"Najua kwamba unajua." Akapepeta ungo mara moja, akapuliza makapi. "Namwambia na yeye hivyo hivyo, kila akija hapa kukulaani. Kwamba wewe unajua."

Kaka anakwenda kwa Mama Jumapili kama kawaida. Mimi nakwenda siku nyingine. Wifi alinipigia simu mara moja, akaanza kunilaumu, katikati akaanza kulia, akaniuliza kama alikosea kunitajia mapipa. Nikamwambia hakukosea. Hatujazungumza tena.

Kinachoniuma zaidi si kile ambacho watu wanadhani. Wanadhani naumia kwa sababu nimempoteza ndugu, na ni kweli, Jumapili zangu zina shimo. Lakini kuna usaliti mwingine mdogo zaidi ambao siwezi kumweleza mtu bila kuonekana mtoto. Ile siku ya vikombe vitatu ilikuwa moja ya siku nzuri za maisha yangu. Nilisimama mbele ya mtu aliyenilea, nikamwonyesha kile alichokinunua kwa ujana wake, naye akakielewa. Nilikuwa nimeihifadhi siku hiyo. Aliirudia akaichukua, na siwezi hata kuikumbuka bila kujiona mjinga, nikipunga mikono hewani, nikimfundisha mwizi funguo za nyumba.

Mvua zimenyesha vizuri mwaka huu. Juzi, nikiwa kwenye stuli yangu, nilisikia harufu ya moshi kabla sijasikia hatua. Mama Moshi alikuwa kwenye korido, upande wa pili wa kioo, na chupa ya asali mpya mikononi. Ndiye mwenyekiti wa kikundi sasa. Nikatoka, nikamwamkia, nikamwomba radhi tena, kama ninavyomwomba kila ninapomwona, naye akaipangusa radhi yangu hewani kama anayefukuza inzi. Akasema yameisha, dada, nyuki wenyewe wameshasahau.

Hakuondoka. Alisogea kwenye kioo, akaweka kiganja juu yake, akatazama lile bomba lililopinda na sumaku iliyolikumbatia. Uso wake ulikuwa na udadisi mtupu, ule wa mtu aliyeumizwa na kitu na sasa anataka tu kukijua.

"Hebu nieleze," akasema. "Hicho chuma kinamjuaje mwizi?"

Maneno yaleyale. Mikono yangu ilianza kunyanyuka yenyewe. Mikono haijui mambo yaliyopita. Nilikuwa na baiskeli na lori tayari mdomoni. Nilikuwa na vikombe.

Nikaishusha mikono, nikaitia mifukoni mwa koti.

"Kinapima uzito," nikasema.

"Uzito wa nini?"

"Acha chupa hapo mezani, mama, watakuja kuipa namba. Utapigiwa simu majibu yakitoka."

Alinitazama kidogo, akaweka chupa mezani kwa uangalifu, akaniaga vizuri. Nikarudi nyuma ya kioo, nikasimama mpaka harufu ya moshi ikaisha. Alikuwa ameuliza tu.